Nyuzi 32 za Dodoma si nyuzi 32 za Dar

Tangu serikali ihamie Dodoma, watumishi waliotoka Dar es Salaam wana ubishi wao usiokwisha na wenzao waliobaki pwani: joto la wapi lina nafuu? Wa pwani anasema Dodoma jua linachoma. Wa Dodoma anamjibu kwamba angalau yeye halali ndani ya jasho. Utabiri wa hali ya hewa hauwasaidii, maana miji yote miwili inaweza kutajwa nyuzi 32 siku moja, na kila mmoja akajiona ndiye aliyeonewa.

Ugomvi wenyewe ni unyevu. Tunasema jasho linapoza mwili, lakini jasho likikaa tu juu ya ngozi halipozi chochote. Kinachopoza ni kukauka kwake: kila gramu inayogeuka mvuke huondoka na takriban jouli 2,400 za joto. Hewa ikiwa kavu, kazi hiyo inafanyika hata hujaiona. Hewa ikiwa imeshiba mvuke, jasho linakosa pa kwenda, linatiririka mgongoni, shati linalowa, na joto limebaki palepale mwilini.

Unaweza kulipima jambo hili kwa kipimajoto kilichoviringishiwa kitambaa chenye maji. Kwenye nyuzi 32 na unyevu wa asilimia 30, maji yakikauka yatakishusha hadi karibu 20. Unyevu ukiwa asilimia 70, kitakwama kwenye 27. Wamarekani wana kipimo chao cha joto linavyohisiwa, na kwa hesabu yao hiyo hali ya pili, tena kivulini, inamfikia mtu kama nyuzi 40 au zaidi. Mkazi wa pwani hahitaji chombo. Chumvi imegandamana koponi, mkanda wa ngozi umeota ukungu kabatini, mlango wa mbao umevimba haufungi, na mtoto shingo yote ni harara.

Hata hivyo joto kavu si la kuliamini sana. Kwa kuwa jasho linakauka mara tu linapotoka, mtu anapoteza maji bila kushtuka, hadi midomo ipasuke na kichwa kianze kugonga. Wa pwani akitota jasho anajua anahitaji maji. Wa Dodoma anaweza kufika jioni hajanywa hata glasi mbili. Nikiulizwa mimi, bado nitasema Dodoma kuna nafuu, kwa sababu ya usiku. Mji uko mita 1,100 na ushee juu ya usawa wa bahari na hewa yake ni kavu, kwa hiyo jua likizama joto linapaa na kupotea. Pwani, mvuke ulioko angani unalizuia. Februari usiku wa manane unaweza kuwa bado kwenye nyuzi 25 au 26, na fukuto lake juu.

Wapo wanaosema haya yote ni mazoea. Wana haki yao. Mgeni akikaa kwenye joto wiki moja au mbili, mwili wake hujifunza kutoa jasho mapema na kwa wingi, lenye chumvi kidogo, na moyo hauendi mbio kama mwanzo. Lakini kwenye unyevu mkubwa, jasho la ziada linadondoka tu chini. Kwa muda mrefu ilidhaniwa kwamba mtu mzima wa afya anahimili hadi kile kipimajoto cha kitambaa kisome 35. Majaribio ya chuo kikuu cha Penn State, Marekani, kwa vijana wenye afya njema, yalionyesha mwili unaanza kushindwa kwenye 31 hivi. Mazoea yanasaidia mpaka pale fizikia inapogoma.

Basi kiyoyozi? Watetezi wake wana hoja nzito kuliko tunavyokubali. Willis Carrier alipobuni mtambo wake mwaka 1902 kwa ajili ya kiwanda cha uchapaji huko Brooklyn, shida yake ilikuwa karatasi zinazoharibiwa na unyevu. Hata leo kiyoyozi kinakausha hewa pamoja na kuipoza, jambo ambalo feni haliwezi. Lee Kuan Yew, waziri mkuu wa kwanza wa Singapore, alikihesabu miongoni mwa mambo yaliyouwezesha mji wake kufanya kazi.

Upande wa pili: kiyoyozi cha chumba cha kulala kikikoroma kinakula wati 1,000 hivi, pangaboi inakula 60 au 70. Joto kinalolitoa ndani kinamtupia jirani nje. Gesi zake nyingi zinaongeza joto la dunia, ndiyo maana mwaka 2016 mataifa yalikutana Kigali kukubaliana kuzipunguza. Halafu kuna hizi ofisi za mjini ambamo makatibu muhtasi wanavaa sweta mwezi wa Januari. Hapo hatujatafuta raha, tumetafuta Ulaya. Vipimo vya raha vilivyoenea duniani vilitokana na majaribio ya Fanger, mtafiti wa Denmark, kwa wanafunzi wa Denmark na Marekani. Uchunguzi wa baadaye ulionyesha watu waliozoea majengo yenye madirisha wazi, kwenye nchi za joto, wanaridhika na nyuzi zaidi.

Wengi wetu tumeuruka upepo. Upepo wa feni tu unampa mtu nafuu ya nyuzi 2 au 3, nao ndio unaosukuma ule mvuke ulioganda juu ya ngozi. Ila tunajenga kuuzuia: dirisha la aluminiamu la kusukuma linafunguka nusu tu, nusu hiyo ina wavu wa mbu, nje kuna nondo, na mbele yake ukuta wa jirani. Wanaosifia nyumba za mawe za Zanzibar nao wasizidishe. Ukuta mnene wa mawe na chokaa unafaa mchana, lakini usiku unairudisha hari uliyoimeza. Na kwenye tangambili, upepo wa kaskazi umeisha na wa kusi haujashika, hata madirisha manne hayaleti kitu. Siku hizo mwenye kiyoyozi, hasa akiwa na mgonjwa au mzee ndani, sina la kumlaumu.

Kwa mpangaji wa chumba kimoja Mbagala, bati juu bila dari na dirisha moja, mjadala wa kiyoyozi haupo. Anachoweza kumdai mwenye nyumba ni dari, na tundu la pili kwenye ukuta wa upande wa pili ili hewa ipite.