Uwanja wa ndege wa Goma: kuongea na M23 si kuitambua

Oktoba 30, 2025, Rais Emmanuel Macron wa Ufaransa alitangaza mjini Paris kwamba uwanja wa ndege wa Goma, mashariki mwa Kongo, ungefunguliwa kwa ndege za misaada. M23, waasi wanaoushikilia mji huo, wakakataa, wakisema hawakushirikishwa. Kinshasa, yaani serikali ya Kongo, nayo ikasisitiza kuwa yenyewe ndiyo yenye kauli juu ya uwanja huo.

Hofu ya Kinshasa, kwamba kuongea na waasi ni kuwatambua, si ya kupuuzwa. Shirika likiomba kibali kwa "gavana" aliyewekwa na waasi, likalipa na ushuru wao, hao tayari wameanza kuonekana ni dola. Tena si watu wa kuaminiwa hivi hivi: Februari mwaka huo waliwapa wakimbizi wa ndani kambini, pembezoni mwa Goma, saa 72 tu wawe wameondoka.

Lakini bila mazungumzo, dawa zitafikaje? Anga ni la Kinshasa, njia ya kurukia iko chini ya M23. Mmoja akigoma, ndege haitui. Mji ulipotekwa mwishoni mwa Januari, maghala ya WFP, shirika la chakula la Umoja wa Mataifa, na ya Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu yaliporwa, siku zile zile majeruhi walipokuwa wakimiminika hospitali ya CBCA Ndosho. Tangu hapo shehena imekuwa ikizungushwa kwa barabara kupitia Rwanda au Uganda, foleni ya forodha hapa, kibali kingine kule. Unga huvumilia safari ya namna hiyo. Chanjo, ambayo haitakiwi kutoka kwenye baridi, haivumilii.

Hofu yenyewe, kwanza, ni ya zamani. Kifungu cha 3 cha Mikataba ya Geneva ya 1949, kinachohusu vita vya ndani ya nchi, kinatamka kuwa kutekeleza masharti yake hakubadili hadhi ya kisheria ya pande zinazopigana. Kiliandikwa hivyo makusudi, ili kuzituliza serikali zenye waasi.

Na Kinshasa inalijua hilo. Mwishoni mwa Aprili 2025 Msalaba Mwekundu ulianza kuwasindikiza hadi Kinshasa mamia ya askari na polisi wa Kongo waliokuwa wamejihifadhi kwenye kituo cha MONUSCO, kikosi cha Umoja wa Mataifa cha kulinda amani, mjini Goma. Wizara ya Ulinzi iliridhia, AFC/M23 (M23 na muungano wao wa kisiasa) wakaridhia, na sikusikia mtu akisema waasi wametambuliwa. Kama askari walipita, katoni ya dawa inakwama wapi? Mzigo ukaguliwe unakopakiwa, usitozwe ushuru unakoshushwa, na M23 wabanwe kwa masharti hayo hayo.