New Glarus: Sura ya Uswisi iliyokuja lugha ilipoanza kufifia

Mgeni anayeingia New Glarus, mji mdogo kusini mwa jimbo la Wisconsin, Marekani, hupokewa na roshani za mbao zilizonakshiwa, maua madirishani na bendera za Uswisi. Sensa ya 2020 ilihesabu hapo watu 2,266 tu. Wapo wanaousifu mji huu kwa kutunza urithi wa wahamiaji. Wapo wanaosema urithi huo ni vazi la kuwavutia watalii. Nimesoma hoja za pande zote mbili, na naona zote zinabishania kuta, wakati chanzo cha mji huu hakikuwa na kuta hata moja.

Miaka ya 1840 jimbo la Glarus, kule milimani mashariki mwa Uswisi, maisha yalikuwa yamebana. Mashine zilikuwa zimewanyang'anya kazi wafumaji wa mikono, na mashamba hayakutosha kurithishwa watoto wote. Chama cha uhamiaji kikawatuma Niklaus Dürst na Fridolin Streiff watangulie kutafuta ardhi. Walinunua ekari 1,200 kwa bei ya serikali, dola 1.25 kwa ekari, ili kila familia ipate ekari 20, sehemu ya kila mmoja ikichaguliwa kwa kura ya bahati. Wenzao hawakungoja majibu. Aprili 1845 watu wapatao 190 waliondoka, wakashuka na mto Rhine, wakavuka Atlantiki hadi Baltimore, kisha wakafika St. Louis bila kujua ardhi yao iko upande gani. Mwezi Agosti, waliofika kwenye bonde lenyewe walikuwa 108. Wengine walifia njiani, wengine walishika njia zao.

Ukitaka kuulaumu mpango huu, sababu zipo. Vijiji vya Glarus vilichangia gharama za safari, na baadhi yao vilifurahi kupunguziwa mzigo wa maskini wao. Ekari 20 zilionekana nyingi kwa macho ya mtu wa mlimani, lakini kwenye nchi ya mbuga zilikuwa shamba dogo mno. Tena kundi la watu wa asili moja, dini moja na lahaja moja hujifungia kwa urahisi, na kweli Kijerumani cha Uswisi kiliendelea kusikika mitaani mwao hadi ndani ya karne ya 20.

Hata hivyo, mimi naamini kujifunga huko ndiko kulikowaokoa. Ngano iliwalisha mwanzoni, kisha udongo ukachoka na wadudu wakashambulia mimea. Wakageukia ng'ombe na jibini. Jibini lina sharti lake: mkulima mwenye ng'ombe wachache hawezi kuendesha kiwanda peke yake, kwa hiyo ni lazima majirani waunganishe maziwa yao kila siku na waaminiane kwenye mizani. Watu waliokwisha kugawana ardhi kwa kura bila kupigana walikuwa na mtaji huo tayari. Kaunti yao, Green County, ikaja kujulikana kwa jibini nchini kote.

Kuna upande mwingine ambao sherehe za mji huuacha kando, na hauwezi kuachwa. Bonde lile halikuwa pori lisilo na mwenyewe. Watu wa Ho-Chunk, wenyeji wa asili wa eneo hilo, walibanwa kusaini mikataba ya 1829, 1832 na 1837, hadi wakapoteza ardhi yao yote mashariki ya mto Mississippi. Mkataba wa mwisho ulikuwa na umri wa miaka minane tu Waswisi walipofika. Serikali ya Marekani iliwahamisha Ho-Chunk kwa nguvu zaidi ya mara moja, na wengi walirudi kwa miguu. Maskini wa Glarus hawakuandika mikataba hiyo, lakini ile dola 1.25 ilikuwa rahisi kwa sababu mwingine alikuwa ameshalipa.

Sasa turudi kwenye kuta. Mwaka 1910 mji ulipata kiwanda cha maziwa ya kopo, na kwa nusu karne kiliajiri watu na kununua maziwa ya wakulima. Wakati huo New Glarus ilikuwa ya Kiswisi kwelikweli, kwa lugha na kwa damu, ila majengo yake yalifanana na ya mji wowote wa eneo hilo. Kiwanda kilifungwa 1962. Ndipo wafanyabiashara walipoanza kwa bidii kuvalisha maduka yao sura ya milimani, na baadaye kanuni za ujenzi zikaidai sura hiyo katikati ya mji. Anayesema ni vazi hajakosea. Lakini vazi hilo lilivaliwa na watu waliopoteza ajira, na miji mingi midogo ya Marekani iliyofungiwa kiwanda haikupata la kuvaa. Sioni aibu ndani yake, mradi mgeni asiambiwe kwamba mababu waliishi hivyo.

Mji una makumbusho ya kijiji cha zamani, yenye nyumba ya magogo, shule na kiwanda kidogo cha jibini. Ningependa kila mgeni aanzie hapo kabla ya kupiga picha za roshani. Nyumba ya magogo haina nakshi wala maua. Ina chumba kinachotosha familia moja kuvuka majira ya baridi, na mlango unaofungukia kwa jirani.