Gari Linaongea, Mimi Nabandika Tepu

Kila asubuhi nikizungusha ufunguo, kuna dada wa Kijapani ndani ya gari langu ananisemesha: "Iitiisii kaado ga soonyuu sarete imasen." Mwaka wa tatu huu. Sauti nyororo, adabu tele, hajawahi kuamka na hasira. Mimi humjibu, "Salama dada, za kwako?" na safari inaanza. Mama mkwe alipopanda mara ya kwanza alishika kitasa cha mlango akaniuliza, "Baba, humu ndani mko wangapi?" Nikamwambia ni redio. Hakuniamini. Alitoa tasbihi kwenye mkoba, akaanza kuihesabu kuanzia Mwenge mpaka Tegeta, hapahapa Dar.

Lakini dada huyo hana shida na mtu. Shida yangu mimi ni taa.

Wenzangu wenye magari ya mtumba mtanielewa. Ukiwasha, dashibodi nzima inawaka kama Kariakoo mkesha wa Idi. Nyekundu, njano, kijani, kila taa na mchoro wake. Sekunde chache, nyingi zinazima. Nilidhani ni mapambo, Mjapani anakukaribisha. Kumbe gari linaita mahudhurio kama mwalimu wa darasa la kwanza: kila taa inasema "nipo!" kisha inakaa. Ikibaki imesimama, ina neno na wewe. Na ambayo haikuitika kabisa, hiyo ndiyo ya kuogopa zaidi, kwa sababu huenda kuna mtu aling'oa balbu yake ili mnunuzi asijue. Kwangu mimi taa ya eabegi, ule mfuko wa hewa wa kukukinga kwenye ajali, haijawahi kuitika hata siku moja. Nilimuuliza aliyeniuzia. Akasema, "Eabegi yako nzima, mzee, ndiyo maana haikusumbui." Nikamshukuru!

Halafu hii michoro aliichora nani? Taa ya oili ni birika linalodondosha tone moja. Mtu ukiona birika alfajiri unakumbuka chai na kitumbua, hukumbuki kwamba presha ya oili imeshuka na injini inatakiwa kuzimwa sasa hivi, hapohapo ulipo. Taa ya upepo wa tairi ni sufuria lililokatwa juu, ndani yake kuna alama ya mshangao. Ya eabegi, kwa wale wenye balbu yake, ni mtu amekaa amepakata tikiti maji. Ya injini ndiyo imetugawa nyumbani. Mama watoto anasema ni helikopta. Mwanangu anasema nyambizi. Fundi wangu wa chini ya mwembe anasema ni elfu hamsini, na hapo hajafungua boneti.

Ngoja niwape ya taa ya bluu. Kagari kangu hakana ule mshale wa kuonyesha joto la injini, kana kijitaa tu cha bluu, kipimajoto kinaogelea kwenye mawimbi. Asubuhi kinawaka. Nikaona hili gari linaumwa homa. Nikalipeleka. Fundi akalisikiliza kwa sikio, akatikisa kichwa kama daktari anayetafuta maneno ya kuwaambia ndugu, akabadilisha thamostati na maji ya rejeta. Elfu themanini. Nilipoondoka pale taa imezima kabisa, nikampa na ya soda. Kesho yake asubuhi, bluu ileile. Nikarudi, na kufika pale ikawa imezima. Fundi akaniangalia kwa huruma, kama vile mimi ndiye wa kupelekwa kupimwa.

Aliyenitoa tongotongo ni shemeji yangu anayeendesha lori la Tunduma, kule mpakani na Zambia. "Shemeji, hiyo bluu maana yake injini bado ya baridi. Ikipata moto inazima. Ukiiona nyekundu hapo, ndiyo usimame." Kwa hiyo nililipa elfu themanini kutibu asubuhi.

Shemeji akanipa somo la rangi, bure, huku anakula ubwabwa wangu. Nyekundu: tafuta pa kusimama. Njano: unaweza kufika, ila wiki hii mtafute fundi. Kijani na bluu: unapewa taarifa tu. Somo rahisi, lakini shemeji haishi Dar. Sisi hapa taa nyekundu ya barabarani yenyewe hatuiamini mpaka trafiki apunge mkono. Hii ya kwenye dashibodi nani ataipungia?

Sasa vuli imeingia. Shuleni tulifundishwa kwamba Ulaya wana msimu wa majani kupukutika, nikadhani ni mambo yao na makoti yao. Kumbe na mimi ninao, maana naegesha chini ya mwarobaini. Yale majani madogo yanateleza kwenye kioo, yanaingia kwenye mtaro ulio chini ya waipa, yanaziba vitundu vya kutolea maji. Mimi nilijuaje kwamba gari lina mtaro? Mtaa wetu wenyewe hauna. Mvua ya kwanza ya Oktoba mama watoto akaniambia kwa upole wa kutisha, "Baba watoto, miguu yangu iko kwenye dimbwi." Maji yalikosa njia ya nje, yakaja ndani kwa abiria. Nilizoa majani viganja viwili vilivyojaa, yameoza kama mboji. Siku tatu gari linanuka mtungi uliosahaulika, na mwanangu anauliza tutafuga kambale au perege.

Na hiyo mvua ya kwanza ndiyo yenye inda. Tangu Juni barabara inakusanya vumbi, oili za malori, mpira wa matairi. Yakija manyunyu, vyote vinalowana pamoja, lami inageuka mlenda. Ikinyesha kwa nguvu muda mrefu inajiosha kidogo, lakini sisi kwenye manyunyu ndipo tunapokimbia, eti "mvua yenyewe hii!" Nilishika breki Africana nikaona gari linatafakari. Lilisimama, sikatai, ila lilisimama pale lilipopenda lenyewe, shubiri moja kutoka kwenye daladala, na konda akachungulia dirishani akaniuliza kama napanda.

Mvua ikikolea sasa, ndipo ule ustaarabu wetu unapoanza: kila mtu anawasha hazadi, zile taa za dharura, na anaendelea kwenda. Barabara nzima inapepesa kama msafara wa harusi. Aliyeharibikiwa anapepesa, mzima anapepesa, anayekata kulia anapepesa kushoto na kulia, atajijua. Nilimuuliza dereva mmoja kwenye foleni kwa nini kaziwasha. Akasema, "Ili wanione." Taa zake za mbele alikuwa amezizima.

Kioo nacho kinaingia ukungu. Mimi nilikuwa nafuta kwa kanga ya mama watoto, mkono mmoja usukani, AC nimeizima kwa kubana mafuta. Shemeji kwenye simu: "Washa AC, elekeza upepo kwenye kioo." AC kwenye baridi? Nikaona huyu Tunduma imemkaa vibaya. Nikajaribu kwa kumkomoa. Kioo kikaanza kung'aa kuanzia chini kwenda juu, kwa sababu AC kumbe inakausha hewa, si kupoza tu. Nina miaka 46, naambiwa leo.

Nikasimamishwa na trafiki. "Shikamoo mzee, washa waipa." Nikawasha. Jua la miezi mitano lilishakausha mpira wake, basi zikapita kioo kizima zinalia na kuacha mistari. Akaangalia, akaniuliza, "Mzee, hizi zinafuta au zinapiga mistari ya daftari?" Elfu thelathini. Akainama kwenye tairi akasoma zile namba nne za ubavuni. Mimi nilidhani ni namba ya kiwanda. Kumbe mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Langu limeandikwa 2213: wiki ya 22, mwaka 2013. Lilitoka kiwandani mwanangu akiwa bado hajazaliwa. Akasema, "Hili, mzee, ile shikamoo ilikuwa ya kwake."

Tuje kwenye ile siku yenyewe. Wiki moja kabla, taa ya injini iliwaka, ile helikopta. Fundi wa chini ya mwembe akaitazama, akasema, "Hii inakutisha tu, mzee. Ina dawa." Akatoa tepu nyeusi ya umeme, akakata kipande kama ukucha, akabandika juu yake. Elfu tano. Naapa sijawahi kufurahia matengenezo kama yale. Haraka, nafuu, na matokeo unayaona palepale.

Basi nimempakia mama mkwe, mvua inamwagika kama imelipwa. Barabara ya Jangwani wameshaifunga, Mto Msimbazi umepanda, mabasi ya mwendokasi yamejipanga hayana pa kwenda. Nikajipitisha vichochoroni na ujanja wangu. Katikati ya ujanja, gari likaanza kumisi, linakohoa, linarukaruka. Nikaona pembeni mwa ile tepu kuna mwanga wa njano unachungulia, unawaka na kuzima, kama mtu anasoma kwa tochi ndani ya shuka. Shemeji nikampigia, spika wazi. "Inapepesa?" Inapepesa. "Shemeji, ikiwaka tu unaweza kufika. Ikipepesa, petroli inatoka bila kuungua, inakwenda kuungulia kwenye masega ya kusafishia moshi ndani ya ekzosi. Toa mguu kwenye mafuta, nenda polepole, simama panapofaa." Mama mkwe akauliza nyuki wameingiaje kwenye gari.

Mbele kukawa na dimbwi la upana wa uwanja wa mpira. Vijana wanne wamesimama pembeni na kaptula. "Pita mzee, yanafika magotini tu!" Magotini! Shemeji alishaniambia maji ya sentimita 30, urefu wa rula ya mtoto wa shule, yanatosha kukaelesha kagari kama kangu. Goti la nani linafanana na rula? Katikati ya maji kulikuwa na gari jingine limezima, dereva anapiga stata, anapiga tena, na shemeji anapiga kelele kwenye spika, "Mwambie asiwashe! Injini imekunywa maji, atapinda konrodi za ndani yake!" Wale vijana hawakumwambia kitu. Bei ya kusukuma ilikuwa elfu kumi, na ushauri wao bure.

Ningependa kusema nilirudi kwa sababu ya rula. Nilirudi kwa sababu mama mkwe alisema, "Baba, geuza," na mimi bado namalizia mahari.

Wakati nageuza kwenye matope ikawaka nyekundu, duara lenye alama ya mshangao. Nyekundu! Nikasimama nusu barabarani, jasho linanitoka kwenye baridi. "Shemeji, nyekundu, mshangao ndani ya duara!" Akanyamaza kidogo. "Umeshusha hendibreki?"

Nikaishusha. Taa ikazima.

"Ingebaki ungeangalia mafuta ya breki," akasema, lakini hiyo nadhani aliongeza ili kunisitiri mbele ya mama yake.

Safari hii sikurudi chini ya mwembe. Nilikwenda kwa kijana mwenye kile kimashine cha kusomea gari, anakichomeka chini ya usukani, kinamwambia kila kitu. Alibandua tepu kwa ncha ya kisu, akaniangalia, nikaangalia pembeni. Koili moja ya kupeleka umeme kwenye plagi imekufa, plagi zenyewe zimechoka. Taa ya betri nayo ina kawaida ya kuwaka nikirusha maji, akasema ni mkanda wa altaneta, ile ya kuchaji betri, umelegea, ukilowa unateleza. Betri nzima. Na betri mpya niliyonunua mwaka jana kwa taa hiyohiyo? Nayo nzima, akasema, na ile ya zamani kama bado ninayo huenda nayo ni nzima. Nilimpa fundi wa mwembe, akanishukuru sana siku ile.

Asubuhi yake nikawasha gari. Zikaitika zote, ukiacha ile ya eabegi, zikazima zote, hata bluu baada ya dakika chache. Giza totoro kwenye dashibodi. Miaka mitatu sijawahi kuona kitu kama kile. Nikamrudia yule kijana mbio: "Taa zangu zote zimekufa!" Akanitazama muda mrefu, akasema, "Mzee, ndivyo linavyotakiwa kuwa."

Sasa kwa kuwa gari limetulia, mwanangu akapata nafasi ya kumsikiliza yule dada vizuri. Akamshikia simu yenye programu ya kutafsiri. "Baba, hakusalimii. Anasema kadi ya ETC haijachomekwa. Ni kadi ya kulipia barabara huko Japani." Miaka mitatu mwanamke wa watu ananidai, mimi namwambia salama.

Leo mvua tangu alfajiri. Nimezoa majani ya mwarobaini, nimewasha gari, naye huyoo: "Iitiisii kaado ga soonyuu sarete imasen."

"Sina, dada," nikamwambia. "Huku, ukiacha daraja la Kigamboni, barabara tunazilipia kwa shokapu."