Jenereta ipewe mtungi wake

Mwaka wangu wa kwanza na trela la kusafiria nilikuwa na hesabu moja tu kichwani. Mbele ya trela imekaa mitungi miwili ya gesi. Nyuma ya gari imekaa jenereta ndogo inayokubali petroli na gesi. Kilichobaki ni mpira wa kuvikutanisha. Sitabeba petroli, gari halitanuka, na sitahangaika na dumu usiku. Nilipogundua kwamba ubavuni mwa trela kuna tundu la gesi lililowekwa kwa ajili ya jiko la kuchomea nyama nje, nikajiona nimeshamaliza kazi.

Leo jenereta yangu ina mtungi wake peke yake, umesimama kando yake, na haugusani kabisa na gesi ya trela. Anayeniuliza namshauri afanye vivyo hivyo. Sisemi kwamba kuichomeka kwenye gesi ya trela hakuwezekani. Nimefanya kwa njia mbili tofauti na zote zilikubali, lakini sitazirudia.

Nianze na presha, maana hapo ndipo nilipokwama mwanzo. Siku ya joto la kawaida, nyuzi 20 hivi, propani, yaani gesi iliyomo ndani ya mtungi, inasukuma kwa takriban ba 7 zaidi ya hewa ya nje (ba moja ni karibu sawa na presha ya hewa ya kawaida). Regulata ya trela, kifaa cha kupunguza presha ya gesi, inaishusha mpaka inchi 11 za maji, yaani sentimita 28. Kipimo hicho ni cha maji kweli: ukikunja mpira mwangavu kama herufi U, ukaujaza maji kiasi, kisha ukafungulia gesi ya trela upande mmoja, maji ya upande wa pili yatapanda mpaka tofauti ya pande mbili iwe sentimita 28. Basi. Mapafu yako yanaweza kusukuma zaidi ya hapo bila shida. Jiko, friji, hita ya maji na hita ya chumba, vyote vimetengenezwa kula gesi nyepesi ya namna hiyo. Matrela ya Ulaya hutumia milibari 30, ambayo haiko mbali na hiyo.

Sasa jenereta nyingi za gesi huja na mpira wake, na kwenye mpira huo kuna regulata. Regulata hiyo imeundwa kufungwa moja kwa moja kwenye mtungi, ipokee gesi yenye nguvu na kuishusha. Mimi nikatafuta kiungo cha kuibadilisha pua, nikaichomeka kwenye lile tundu la ubavuni, mahali ambapo gesi imeshashushwa tayari. Regulata mbili zikapangana mstari mmoja.

Jenereta iliwaka, na hilo ndilo lililonidanganya. Ilinguruma vizuri ikiwa haina mzigo, taa zikawaka, simu zikachaji. Kiyoyozi kilipojaribu kuanza, injini ikakohoa mara mbili, ikazimika. Nikabadilisha plagi. Nikasafisha kichujio cha hewa. Nikamsema vibaya mtengenezaji mbele ya shemeji yangu, ambaye hakuwa ameniuliza. Wiki kadhaa baadaye fundi wa gesi aliinama, akautazama ule mpira kwa muda mfupi, akaniuliza, “Kaka, hii regulata ya pili inashusha nini?” Sikuwa na jibu. Ilikuwa inasubiri ba kadhaa inaletewa pumzi ya mtoto mchanga. Mzigo ulipoongezeka, haikuwa na cha kupitisha.

Ndiyo maana pia majiko ya nje yanayotengenezwa kwa ajili ya tundu lile huuzwa bila regulata. Lenye regulata yake, ukilichomeka pale, linatoa mwali wa kubembeleza tu, na mwenyewe anadhani gesi imekwisha.

Njia ya kwanza iliyofanya kazi ilikuwa kuiondoa regulata ya jenereta na kutumia mpira mpana usio na regulata kutoka kwenye tundu la ubavuni. Kwa jenereta yangu hilo liliwezekana kwa sababu regulata yote ilikuwa kwenye mpira, na ilikuwa inashusha gesi mpaka presha ile ile ya trela. Si zote ziko hivyo. Nyingine zimeficha regulata ndani ya mwili wa mashine, nyingine zina mbili, moja nje na moja ndani. Kitabu cha maelekezo husema, na watengenezaji wengi wanaeleza humo humo kwamba wanataka mpira wao na mtungi, si kingine. Ukichepuka, dhamana inaweza kuishia hapo.

Kiangazi kizima jenereta ilikwenda. Kasoro niliyoiona ni ndogo: hita ya maji ikiwaka, injini inayumba kidogo, na ukiwa unapika, mwali wa jiko unashuka kila kiyoyozi kinapoamka. Vifaa vinagombea bomba moja jembamba. Nikavumilia.

Kisha ukaja usiku wa baridi. Kabla sijausimulia, nitoe namba, kwa sababu bila namba hadithi hii inaonekana bahati mbaya tu, na haikuwa bahati mbaya. Kilo moja ya propani ina nishati ya kilowati-saa 13 hivi. Injini ndogo ya jenereta, tena ikiwa haijabeba mzigo wake kamili, inageuza sehemu ndogo tu ya hiyo kuwa umeme, mara nyingi chini ya moja ya tano. Ukidai wati 1,500 mfululizo, unachoma karibu robo tatu ya kilo kila saa. Mtungi wa kilo 9 unakwenda nusu siku. Friji ya trela inayotumia gesi, kwa upande wake, inakula gramu 30 hivi kwa saa. Mtungi ule ule ungeiweka baridi kwa takriban siku 12! Hita ya chumba ya kawaida, ikiwaka bila kupumzika, inakula karibu sawa na jenereta, ila yenyewe hupumzika chumba kikipata joto. Jenereta haina siku ya kushiba.

Sasa weka mlaji huyo kwenye sahani moja na wengine. Trela lenye mitungi miwili mara nyingi lina valvu inayohama yenyewe: mtungi wa kwanza ukiisha, inafungulia wa pili, na kialama kidogo kinageuka rangi nyekundu. Kialama hicho kiko nje, mbele ya trela, gizani. Hakuna anayekwenda kukitazama saa nne usiku. Gesi iliyoshushwa haijulikani imetoka mtungi upi, kwa hiyo jenereta ilikunywa wa kwanza, ikahamia wa pili kimya kimya, ikaumaliza alfajiri. Tuliamka pumzi zinaonekana. Hita ilikuwa inazungusha feni na kupuliza hewa baridi, friji imezima, birika haliwezi kuchemka kwa gesi wala kwa umeme. Mama watoto aliuliza swali moja tu, kama zile simu kweli zilihitaji kuchajiwa usiku kucha. Mzigo mkubwa haukuwa simu, lakini haukuwa wakati wa kubishana.

Mtu mwerevu angeacha pale. Mimi nikanunua kiungo cha shaba cha umbo la T.

Kiungo hiki hukaa kwenye mtungi wenyewe, kabla ya regulata ya trela. Tawi moja linakwenda kwenye trela kama kawaida, la pili linatoa gesi ya presha kamili kwa jenereta, na regulata ya jenereta inarudi kazini kwake halali. Kwa injini, hii ni njia nzuri kuliko ile ya tundu la ubavuni, na sitamkatalia mtu hilo. Haikukohoa tena. Jenereta inakunywa mtungi ule tu ilikofungwa, na wa pili unabaki kwa hita. Ila mpira unaotoka kwenye T umebeba presha yote ya mtungi, na hapo mchezo unabadilika. Lazima uwe mpira uliotengenezwa kwa gesi ya presha hiyo. Mwisho wake lazima uwe na regulata. Na usithubutu kamwe kuuchomeka kwenye tundu la ubavuni kwa kudhani unalisha trela kutoka mtungi wa nje: gesi itarudi kinyume, na vali za friji na jiko zilizozoea sentimita 28 za maji zitakutana na ba 7.

Kuna na suala la barafu. Propani inachemka kwenye nyuzi 42 chini ya sifuri, na ili igeuke mvuke lazima inyonye joto kutoka kwa mtungi wenyewe. Kila kilo inayogeuka mvuke inanyonya joto linalokaribiana na la kuyeyusha kilo nzima ya barafu. Mtungi ukiwa nusu, hewa ikiwa baridi, na jenereta na hita zikivuta kwa pamoja, ubavu wa mtungi unaota barafu nyepesi nyeupe na presha inashuka. Ukitaka kujua gesi imefika wapi ndani, tazama mstari wa barafu hiyo. Ni kipimo cha bure. Usiumwagie mtungi maji ya moto kwa hasira kama nilivyomwona mtu akifanya.

Kilichonigeuza moyo kabisa hakikuwa barafu, kilikuwa hatua. Siku moja nilihesabu hatua kutoka mlangoni hadi kwenye jenereta: tatu. Mpira wangu ulikuwa wa mita tatu na kitu, ukifungwa kwenye mtungi ulio mbele ya trela, na jenereta ilikuwa imekaa pale mpira ulipoishia. Sikuwahi kuamua kuiweka karibu hivyo. Mpira ndio ulioamua.

Tume ya Usalama wa Bidhaa za Walaji ya Marekani inashauri jenereta ikae angalau futi 20 kutoka kwenye makazi, yaani mita 6, na moshi uelekezwe mbali. Sababu ni kaboni monoksidi, gesi ya sumu iliyomo kwenye moshi wa injini. Watu wana imani kwamba gesi inaungua safi, na kwa kiasi ni kweli: moshi wake haukabi koo kama wa petroli, hauna masizi. Nadhani hilo ndilo linaloufanya uaminiwe kuliko unavyostahili. Kaboni monoksidi haina harufu wala rangi, na injini ya propani inaitoa vilevile. Ile harufu ya mayai yaliyooza unayoijua kwenye gesi imetiwa kwa makusudi ili uvujaji ujulikane, lakini ikishaungua ndani ya injini harufu inakwisha na sumu inabaki. King'ora cha kaboni monoksidi ndani ya trela ni cha lazima, ila kisiwe ruhusa ya kusogeza jenereta dirishani.

Kwa hiyo kama kuna kitu cha kurefusha, kiwe waya wa umeme. Kebo nene ya mita 15 ikibeba ampea 25 inapoteza kama volti 2 na nusu kati ya 120. Hakuna kifaa kitakachohisi. Gesi ya presha ndogo haina akiba ya namna hiyo. Kila mita ya mpira inakula katika zile sentimita 28, na mpira mrefu ardhini unakanyagwa, unaburutwa, unaachwa karibu na eksozi inayochoma. Injini nayo inatetemeka muda wote na kuchosha viungo. Waya ukikatika, taa zinazimika. Mpira ukikatika, propani, ambayo ni nzito mara moja na nusu kuliko hewa, inatambaa chini na kutafuta uwazi wa sakafu ya trela.

Nitasikia pingamizi la uzito, na ni la haki. Mtungi wa chuma wa kilo 9 ukijaa unafika kilo 17 hivi, na hauruhusiwi kulala: ukilala, gesi ikiwa bado kimiminika inaingia kwenye regulata badala ya mvuke. Haupaswi kusafiri ndani ya chumba cha kulala wala kwenye buti. Unahitaji mahali pake pa nje, umefungwa wima. Nilitengeneza kitako kidogo cha chuma na mikanda miwili, na sijutii kilo hizo. Anayekaa sehemu moja miezi mingi na mtungi mkubwa uliowekwa na fundi ana sababu zake tofauti, na jenereta iliyojengwa ndani ya trela kiwandani ni jambo jingine kabisa.

Propani yenyewe sijaikana. Petroli ikikaa miezi inaharibika na kuacha utomvu kwenye kabureta, gesi inakaa miaka. Unapoteza kama asilimia 10 ya nguvu za injini, na zaidi ukipanda milimani. Nakubali.

Kwa hiyo siku hizi mtungi na jenereta vinakaa mita 8 kutoka trela, mtungi upande usiopigwa na moshi, na mpira ni ule ule uliotoka kiwandani na regulata yake. Koki naifungua taratibu, kwa sababu ukiifungua kwa pupa kifaa cha usalama kwenye kiungo hudhani mpira umekatika na kubana gesi. Kisha maji ya sabuni kwenye viungo vyote, nikitafuta povu. Mtungi ukiisha, taa zinazimika na hita haijui lolote. Na lile tundu la ubavuni bado lina kazi: jiko la kuchomea nyama, lisilo na regulata.