Miche tumeihesabu, mafunjo je?

Juzi nilinunua mkaa kwa dada wa mtaani kwetu, nikakuta kipande kinene ambacho pete za mti bado zinaonekana. Nikaanza kuzihesabu. Nilipofika ishirini na kitu akaniuliza, "Kaka, unanunua au unasoma?" Nikalipa. Jioni kipande hicho kikaivisha maharage na kuwa majivu.

Mti ulivuta kaboni hewani kwa zaidi ya miaka 20; jiko likairudisha kwa sufuria moja. Ndiyo maana kila msimu wa mvua, miche inapotangazwa mbele ya mgeni rasmi kama mabao ya mechi, mimi huguna. Miti naipenda. Ila kaboni iliyoingia ni nusu ya hesabu. Nusu nyingine ni itakaa muda gani. "Ukaa", jina jingine la kaboni, ni ndugu wa makaa, lakini sikio langu husikia pia "kukaa".

Kuna kaboni isiyokaa kabisa. Ziwa Victoria, vijimea visivyoonekana kwa macho huivuta majini, vijidudu hula vijimea, dagaa hula vijidudu, sisi tunanunua dagaa sokoni Mwaloni, Mwanza, na kuirudisha hewani kwa pumzi. Hiyo haina ubaya, ilitoka hewani juzi tu. Ya petroli ndiyo ngeni: ilizikwa mamilioni ya miaka, na ni miongoni mwa sababu kubwa za hewa ya ukaa kupanda kutoka sehemu 280 katika kila milioni ya hewa kabla ya enzi za viwanda hadi kupita 420 sasa.

Na kuna inayokwenda kwa mwendo wa jiwe. Mvua inayolinyeshea Jiwe la Bismarck, lile lililosimama ziwani Mwanza, huwa imenasa hewa ya ukaa kidogo na kugeuka tindikali hafifu. Inalila jiwe taratibu mno, na kaboni hiyo huingia ziwani ikiwa imeyeyuka. Nyingine hutoka ziwani pale Jinja, Uganda, na kushuka na Mto Naili. Zoezi hilo halisubiri bajeti wala mgeni rasmi, lakini sisi hatuna muda wa kulisubiri.

Kati ya jiko na jiwe kuna mafunjo, ile mimea mirefu ya kinamasini. Nenda upande wa Magu, Mto Simiyu unapoingia Ghuba ya Speke. Mafunjo hukua kwa kasi, na yakifa huangukia maji yaliyokosa oksijeni. Hayaozi yakaisha; hulundikana, tabaka juu ya tabaka, na kaboni yake inaweza kutulia humo karne kwa karne. Ndiyo, kinamasi hutoa gesi ya methani pia, yale mapovu yanayopanda ukikanyaga tope, na methani hunasa joto kwa nguvu kuliko hewa ya ukaa. Lakini ukikausha kinamasi na kukichoma, oksijeni huingia, na akiba ya karne nzima huanza kuondoka kwa misimu michache.

Mkulima simlaumu, mchicha wa kinamasini unastawi kwelikweli, na watoto wanataka ada. Ninaowalaumu ni wapanga hesabu. Taarifa ijayo ya upandaji miti iwe na safu moja zaidi pembeni ya idadi ya miche: ekari ngapi za mafunjo zimechomwa au kufukiwa kifusi mwaka huohuo. Na miche ya mwaka juzi iliyo hai, kama kuna aliyerudi kuiangalia.