Mafuta ya breki hayajui kama gari ni la umeme

Ami yangu ameendesha matatu za Malindi na Mombasa zaidi ya miaka 20, na tangu ninunue Nissan Leaf hanipi nafasi ya kupumua. Juzi alinikuta barazani nimefungua boneti, nachungulia kikopo cha mafuta ya breki. Akasimama na kikombe chake cha kahawa mkononi, akacheka mpaka kahawa ikamwagika.

"Mwanangu, si ulituambia gari lako halina oili, halina plagi, halina feni belti? Sasa hayo mafuta yametoka wapi?"

Ami anatania, lakini wapo wanaosema hivyo hivyo bila utani. Wenye magari ya umeme niliokutana nao hapa Malindi na Watamu, karibu wote hawajagusa mafuta ya breki tangu wanunue, na hoja yao ni moja: breki zenyewe hatuzikanyagi, mafuta yatachakaa vipi? Mimi naona wamekosea, na kwa mtu wa pwani kosa ni kubwa zaidi. Hapa kwetu mafuta hayo yabadilishwe kila baada ya miaka 2, gari liwe limezunguka au limelala kivulini chini ya mwembe.

Nikiri kwanza kwamba kuhusu kutokanyaga breki wanasema kweli. Ukiondoa mguu kwenye aksileta, mota inageuka jenereta, inalizuia gari na kurudisha chaji kwenye betri. Nikitoka nyumbani kwenda Gede mguu wangu hugusa breki kwenye matuta na mahali mbuzi wanapovuka, basi. Pedi nilizokuja nazo kutoka Japani bado nene. Lakini pedi huisha kwa kusuguana na diski, na mafuta hayasuguani na chochote. Yanachoka kwa sababu nyingine kabisa.

Tazama kichupa cha chumvi cha mezani wakati wa masika. Unakitikisa, hakitoki kitu. Chumvi imelowa na kushikana, ndiyo maana mama zetu hutia punje za mchele ndani. Mafuta ya breki ya kawaida, yale ya viwango vya DOT 3, DOT 4 na DOT 5.1, yametengenezwa kwa kemikali za jamii ya glaikoli, na glaikoli hunyonya unyevu wa hewa kama ile chumvi. Huupata kupitia kifuniko cha kikopo, na hata mipira ya breki huupitisha kidogo kidogo. DOT 4 mpya hutakiwa isichemke kabla ya nyuzi 230 za Selsiasi. Ikishanyonya maji kiasi cha asilimia 3.7, kiwango cha kuchemka kinaruhusiwa kushuka hadi 155. DOT 3 inatoka 205 hadi 140. Umetembea kilomita ngapi haimo kabisa katika hesabu hiyo. Kinachohesabiwa ni muda na unyevu, na unyevu sisi tunao wa kugawia watu.

Sasa atakuja mjuaji aniambie: sawa, yamelowa, lakini breki za gari la umeme hazipati moto, kwa hiyo hayatachemka. Na mimi niliwaza hivyo mpaka nilipokwenda Wundanyi, kule milima ya Taita.

Shemeji yangu anakaa kule. Kutoka Malindi na Leaf ni safari ya subira, unalala Mombasa, unachaji, unapumzika Voi, unachaji tena. Nilifika, nikachomeka gari kwenye soketi ya sebuleni, na kwa ushamba wangu nikaliacha usiku kucha mpaka likajaa asilimia 100. Asubuhi, ukungu bado uko milimani, nikaanza kuteremka kuelekea Mwatate. Barabara ile ni kona juu ya kona. Naondoa mguu kwenye aksileta, gari linateleza tu. Haikunipitia akilini mapema kwamba betri iliyojaa haina pa kuweka chaji. Ikikosa pa kuiweka, mota nayo haikushikii gari. Mteremko mzima ukabaki kazi ya pedi na diski, nami nina abiria watatu na gunia la viazi.

Katikati ya njia nikasikia harufu, ile ya pedi zilizopata moto. Kona chache baadaye pedeli ikashuka chini kuliko kawaida yake, kama upana wa kidole kimoja, na ikawa laini. Gari lilisimama, msidhani nilibaki bila breki. Niliegesha pembeni, tukakaa nusu saa, wifi yangu akisoma dua kwa sauti kuliko ilivyohitajika. Siwezi kuapa kwamba mafuta yalichemka. Ninachojua ni kwamba maji yakichemka ndani ya mipira huwa mvuke, na mvuke unabinyika. Unakanyaga, nguvu inaishia kuubinya badala ya kufika kwenye magurudumu. Najua pia mafuta yaliyokuwemo siku ile nilikuja kuyaona baadaye.

Yalikuwa rangi ya kahawa tungu. Fundi wangu wa Maweni aliyavuta kutoka kwenye kikopo kwa bomba la sindano, akayamwaga ndani ya glasi ya chai iliyopasuka mdomo, akaiinua kwenye jua. "Dada, haya yana umri gani?" Sikuwa na jibu. Gari ni la mwaka 2018 na nimelinunua mtumba, kama karibu kila mtu hapa. Sheria yetu inaruhusu kuingiza gari lisilozidi miaka 8. Kule Japani kuna ukaguzi wa lazima, gari likitimiza miaka 3 kisha kila baada ya miaka 2, na gereji zao nyingi hubadilisha mafuta ya breki wakati huo huo. Ila Wajapani wengi huuza gari pale ukaguzi unapokaribia, wasilipie gharama zake. Kwa hiyo unaweza kupokea gari Mombasa likiwa na mafuta ya zamani, na juu yake miezi ya yadi na ya meli. Ushauri wangu kwa anayenunua: usiulize, badilisha. Ndipo uanze kuhesabu miaka yako 2.

Rangi peke yake, hata hivyo, isikudanganye. Mafuta yanaweza kuonekana safi na yamelowa, au meusi na bado yanafaa. Zipo kalamu za kupimia, unachovya, taa ya kijani au nyekundu inawaka. Za bei nafuu hupima jinsi umeme unavyopita ndani ya mafuta, na hilo hubadilika na aina ya mafuta, halafu unapima ya kikopo tu wakati yaliyoshinda kwenye kalipa, kile kifaa kinachobana pedi kwenye diski, karibu na joto, hujayagusa. Mimi kalamu nimemwachia fundi achezee.

Kuna na kutu. Maji yakikaa humo hula silinda na kalipa kwa ndani, na dawa ya kuzuia kutu iliyotiwa kiwandani nayo huisha nguvu. Gari la petroli linalokanyagwa breki kutwa angalau pistoni za kalipa zake zinacheza. Zangu hukaa pale pale wiki nzima, huku upepo wa bahari unazipiga kwa nje. Kifaa cha ABS, kile kinachozuia magurudumu yasijifunge ukikanyaga breki ghafla, kikiliwa na kutu, bei yake itakufanya ukumbuke kila chupa ya mafuta uliyokataa kununua.

Chupa nayo ina kisa chake. Fundi mmoja, si huyu wa Maweni, aliwahi kunitolea chupa ya DOT 4 nusu, mdomo umefungwa kwa kipande cha mfuko wa nailoni na raba. Ilikuwa rafuni tangu lini, Mungu ajuaye. Kwa hewa ya hapa hayo yamekwisha kulowa kabla hayajaingia garini, na unalipa ili utolewe mabaya utiwe mabaya. Nunua mwenyewe chupa iliyofungwa, lita 1 inatosha, fundi avunje lakiri mbele yako. Itakayobaki ampe adui yake. Na DOT 5 tupu, isiyo na ile .1, ni ya silikoni; usiichanganye na hizi nyingine hata ukipewa bure.

Kazi yenyewe haina makuu, ni ile ile ya kutoa upepo anayoijua kila fundi: mmoja kanyaga shikilia, mwingine fungua "nipo", ile skrubu ndogo ya kutolea mafuta na hewa. Tahadhari ni kwamba magari mengi ya umeme yana busta, kile kifaa kinachoongeza nguvu ya mguu kwenye breki, inayoendeshwa kwa umeme, na baadhi yanataka mashine ya kompyuta ndipo mafuta yazunguke kote. Uliza kabla spana haijagusa kitu.

Najua vitabu vya magari haviafikiani. Vingi husema miaka 2 au 3, na Tesla huwaambia wateja wake yapimwe kila baada ya miaka 4. Sibishani nao. Ila mafuta yao yanapumua hewa ya kwao, na mimi naanika nguo usiku wa masika nikaamka nazo mbichi.

Tarehe nimeiandika kwenye plasta nyeupe na kuibandika kando ya kikopo. Ami aliisoma, akanyamaza kidogo, akanywa kahawa iliyobaki. Kisha akaniuliza kama yule fundi wa Maweni hufungua Jumapili, maana pikapu yake, anavyokumbuka, haijafunguliwa kikopo hicho tangu ainunue.