Pesa ya kwanza iende kwenye matairi

Mtu akishapata krola yake ya kwanza, yaani lile gari la rimoti la kupanda mawe, maswali yake huwa mawili: mota ipi ni kali zaidi, na betri ya seli 3 inapatikana wapi. Kwa maoni yangu anahangaika na juu wakati ugonjwa uko chini. Ni nadra krola kushindwa na jiwe kwa kukosa nguvu. Mota ya kawaida ya saizi ya 540 yenye mizunguko 35 ya waya, ikiwa kwenye giaboksi lililokuja na gari la kipimo cha 1/10 (moja ya kumi ya gari halisi), inaweza kupindisha au kukata shafti za gari hilohilo. Krola hukwama kwa sababu tairi halishiki, pua inanyanyuka, au gari linalala ubavu. Hakuna hata moja kati ya hayo linalotibiwa na mota.

Kwetu Kigoma hilo linaonekana haraka kwa sababu ya mawe yenyewe. Ukitoka Bangwe kuelekea Katonga, mawe ya ufukweni yamesuguliwa na mawimbi, na pale maji yanapofika yana utando wa mwani. Juu ya mwani hakuna tairi litakaloshika, hata ulilipie nini. Pitisha gari juu ya alama ya maji. Wenzetu wa Tabora wana granaiti kavu yenye makwaruzo, inayoshika vizuri ila inakula mpira laini upesi. Kwa hiyo mtu wa Tabora na mtu wa Kigoma wasinakiliane orodha ya manunuzi.

Tuanze na tairi. Magari mengi ya 1/10 hutumia rimu za inchi 1.9 na kitovu cha pembe sita cha milimita 12, hivyo rimu ya kampuni moja huingia kwenye gari la kampuni nyingine bila ugomvi. Vijigari vya 1/16 kama WPL C24 vina kitovu kidogo, pima kabla ya kuagiza. Chagua mpira laini: ukiubonyeza kwa ukucha, alama ibaki kidogo kisha ipotee. Meno makubwa hupendeza kwenye picha na husaidia kwenye tope, lakini kwenye jiwe kavu ulaini wa mpira ndio unaofanya kazi.

Watu wengi wanaishia hapo na kusahau kilichomo ndani. Tairi la krola halijazwi upepo, lina sponji, na sponji nyingi za kiwandani ni ngumu kuliko inavyotakiwa. Weka gari mezani likiwa na betri yake, uinamie kulitazama kwa ubavu. Tairi linatakiwa libonyee kidogo pale linapogusa meza, kama milimita 3 hadi 5. Likisimama duara kamili, kwenye jiwe litagusa sehemu moja ndogo tu na kuteleza. Toa sponji, kata pembetatu ndogo kwenye ukingo wa nje, 6 kwanza, kina kisizidi nusu ya unene wake. Rudisha, tazama tena, ongeza taratibu. Ukikata kupita kiasi utaliona gari likipita mteremko wa ubavu: ukuta wa tairi unajikunja, gari linaegemea upande wa chini, na utasikia rimu ikigonga jiwe. Sponji iliyofika hapo haitengenezeki, nunua nyingine.

Rimu nayo iwe na tundu la milimita 2 au 3. Bila tundu, hewa inafungiwa ndani na tairi linadunda, kazi yako yote ya mkasi inapotea.

Baada ya tairi ni uzito, na hapa ndipo Kigoma inapotubeba. Madukani mtandaoni wanauza vipande vya shaba nyeupe vya kufunga kwenye ekseli, vizuri lakini ghali, na lazima visafirishwe. Kwenye karakana za matairi ya magari kuna risasi za balansi zenye gundi mgongoni, zilizokatwa vipande vya gramu 5 na 10. Kwenye maduka ya zana za uvuvi kuna chubwi za nyavu. Kazi ni ileile. Mimi ningechukua za balansi kwa sababu zinajipinda kufuata rimu. Safisha rimu kwa spiriti, bandika vipande 10 vya gramu 10 kwenye kila rimu ya mbele, safu mbili, ukivigawa sawasawa kuzunguka rimu, kisha zungushia tepu nyeusi ya umeme, halafu sponji juu yake. Hiyo ni gramu 100 kila upande. Nyuma usiweke kitu kwanza. Risasi ni sumu: usiiyeyushe jikoni, usiikate karibu na watoto, na nawa mikono kwa sabuni ukimaliza.

Kwa nini ndani ya rimu na si kwenye chasi? Uzito ulio juu ya springi unazigandamiza na kulikalisha gari, na gari likiinama uzito huo unahama nalo. Ulio kwenye rimu uko chini kabisa, springi hazina habari nao, na tairi linabanwa kwenye jiwe.

Ukadirie kwa mizani, usitumie jicho. Weka magurudumu ya mbele juu ya mizani ya jikoni, ya nyuma juu ya ubao wenye kimo sawa na mizani, soma. Kisha geuza. Mbele ikisoma kilo 1.6 na nyuma kilo 1.2, jumla ni 2.8 na mbele ina asilimia 57. Kati ya 55 na 60 ni pazuri. Ukipita sana hapo, gari litapanda vizuri lakini wakati wa kushuka nyuma itanyanyuka na kupinduka kwa mbele. Mwegemeo wa ubavu upime kwa ubao na programu ya pimamaji kwenye simu: inua ubao taratibu, andika nyuzi ambazo gurudumu la juu linaachia, kabla na baada ya kila badiliko. Badiliko lisilosogeza namba hiyo wala kupanda kwa gari ni pambo.

Tukiwa kwenye mapambo, ile keria ya juu yenye madumu, sepetu na tairi la akiba! Najua inavutia. Lakini gramu 150 juu ya paa zinafuta gramu 200 ulizozihangaikia kwenye rimu, na gari linayumba kama basi la mkoani lililobeba magunia juu. Iondoe siku ya mawe, irudishe siku ya picha.

Rimu nzito zina gharama yake, na gharama hiyo inaangukia sevo ya stelingi, yaani kile kimota kinachokata kona. Sevo ya kiwandani iliyokuwa inatosha sasa haiwezi kugeuza tairi lililobanwa kati ya mawe mawili. Tafuta yenye gia za chuma, nguvu ya kusokota ya kilo-sentimita 25, shafti ya meno 25, pamoja na mkono wa alumini. Washa rimoti kwanza, iache sevo ijiweke katikati, ndipo ufunge mkono. Kisha punguza mwisho wa mzunguko kwenye rimoti mpaka sevo iache kutoa mlio ukikata kona yote. Sevo inayolia inasukuma chuma kisichosogea, na itaungua.

Halafu inakuja hitilafu inayowafanya watu warudishe sevo nzima dukani wakidhani ni mbovu: ukikata kona kwenye jiwe, gari linazima sekunde moja, linawaka, linazima tena. Sevo haina kosa. Vidhibiti mwendo (vile vifaa vinavyoipimia mota umeme wa betri) vya bei nafuu hutoa umeme wa ampea 2 au 3 kwa ajili ya sevo na risiva (kipokezi cha ishara za rimoti), na sevo kubwa ikikwama inavuta zaidi ya hapo. Volti inaanguka, risiva inajizima. Dawa ni kifaa cha pembeni cha kushusha volti, cha ampea 10, kilichosetiwa volti 6, kichukue umeme moja kwa moja kwenye betri na kuulisha kupitia risiva. Ule waya mwekundu wa kidhibiti mwendo uchomoe kwenye plagi yake na kuufunga tepu, maana vyanzo viwili vya umeme kwenye risiva moja vitagombana. Waya mweusi uache.

Shokapu sina mengi: springi laini, na oili ya silikoni pekee. Usijaze oili ya shokapu za bodaboda. Oili ya petroli huvimbisha pete za mpira wa silikoni na shokapu zinaganda. Kama oili sahihi haijafika kutoka Dar, endesha kavu. Kwa mwendo huu hakuna kitakachoharibika.

Betri ya seli 2 inatosha, milliampea-saa 2200 hadi 3000, na ifungwe chini, mbele kadiri inavyowezekana. Kidhibiti mwendo chenye kuchagua aina ya betri kiweke kwenye LiPo (lithiamu polima, ndiyo aina ya betri hii), vinginevyo hakitakata umeme kwa wakati na seli zitashuka chini ya volti 3 na kuvimba. Chaji ya betri ya milliampea-saa 2200 iwe ampea 2.2, juu ya sakafu ya saruji, ukiwepo. Betri inayokaa wiki nzima ihifadhiwe kwenye volti 3.8 kwa seli. Ile ya seli 3 inaizungusha mota kwa kasi mara moja na nusu ya ile ya seli 2, wakati kwenye jiwe unachotafuta ni kusogea sentimita moja bila kuruka. Mwenye pesa inayomwasha mfukoni anunue mota ya mizunguko 55, ya pole zaidi.

Maji ya Tanganyika hayana chumvi, kwa hiyo kutu haitusumbui kama inavyowasumbua wa Dar. Adui yetu ni mchanga. Ukitoka ufukweni suuza gari, vua magurudumu, zungusha kila beringi kwa kidole. Inayokwaruza ibadilishe siku hiyohiyo kabla haijala ekseli. Na skrubu ndogo za pini za shafti zipake gundi ya nati ya bluu, chuma kwa chuma tu, kwa sababu gundi hiyo hupasua baadhi ya plastiki. Skrubu ikidondoka kwenye changarawe ya Katonga, huipati.